Mgonjwa wa akili akitenda kosa kubwa, nani mwenye ufunguo wa kumfungulia?

Februari 2024 Mahakama Kuu ya Malindi iliketi kuwasomea washtakiwa wa Shakahola mashtaka ya kuua watoto 191. Washtakiwa 30, akiwamo mhubiri Paul Mackenzie, walikana. Mmoja hakuwa miongoni mwao. Alipopimwa na madaktari alionekana hana uwezo wa kiakili wa kusimama kizimbani.

Wengi wetu tuliipita habari hiyo mbiombio, maana macho yote yalikuwa kwa mhubiri na makaburi ya msituni. Kesi ya mtu yule si mada ya makala haya, tumuachie jaji. Lakini swali lililojitokeza pale linagusa nyumba nyingi za Pwani, kutoka Vanga mpaka Kiunga. Mwenye maradhi ya akili akitenda kosa kubwa, sheria ya Kenya inampeleka wapi? Atakaa huko muda gani? Na ni nani mwenye mamlaka ya kusema sasa yatosha, arudi kwao?

Kwa miaka mingi jibu la sheria iliyoandikwa limekuwa fupi: atawekwa patakapopatikana, muda wake haujulikani, na mwenye ufunguo ni Rais. Jibu hilo ni baya kwa mgonjwa, ni baya kwa familia ya aliyedhuriwa, na haliendani na Katiba ya 2010. Mtu hafai kufungiwa wodini kwa sababu ya alichokitenda zamani. Afungiwe kwa sababu ya ugonjwa na hatari aliyonayo sasa. Na wa kulipima jambo hilo ni jaji, kwa tarehe inayojulikana.

Ili kulielewa hili, tutenganishe siku tatu ambazo watu huzichanganya: siku ya tukio, siku ya kesi na siku ya kutoka.

Siku ya tukio

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 11, inaanza kwa kudhani kuwa kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 12 kinasema mtu hawajibiki kwa kosa ikiwa, wakati wa kulitenda, maradhi yaliyoathiri akili yake yalimfanya asielewe analolifanya au asijue kuwa halifai kufanywa. Mzigo wa kuthibitisha hilo uko kwa mshtakiwa, ingawa hatakiwi kuthibitisha pasi na shaka yoyote kama upande wa mashtaka. Inatosha aonyeshe kuwa yaelekea zaidi ndivyo ilivyokuwa.

Kipimo hiki asili yake ni Uingereza, katika kesi ya Daniel M'Naghten ya mwaka 1843. Lakini maana yake si ngeni kwetu. Waislamu wa Pwani tangu chuoni hufundishwa kuwa kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa juu ya mwendawazimu mpaka akili imrudie, kama ilivyoinuliwa juu ya mtoto mpaka abaleghe. Wazee wasiojua kusoma sheria hata moja walijua kuwa asiyejua atendalo halaumiwi kama ajuaye.

Lakini kipimo hiki ni chembamba kuliko watu wanavyodhani. Kuwa na kadi ya kliniki ya maradhi ya akili hakutoshi. Lazima ionekane kuwa ugonjwa ulikuwa umemshika wakati ule ule wa tendo, kiasi cha kumpotezea ufahamu. Kuamini uchawi si wazimu mbele ya sheria, na wale waliowaua wazee wa Kilifi kwa kuwashuku ulozi hawawezi kujificha hapa. Na mtumia unga au mlevi? Kifungu cha 13 kinasema ulevi si kinga, isipokuwa alileweshwa na mtu mwingine bila ridhaa yake, au ulevi ulimfikisha hali ya wazimu kamili, wa muda au wa kudumu. Akifikia hapo ndipo utaratibu wa wazimu hutumika kwake.

Sasa tazama mkanganyiko. Kanuni ya Adhabu inasema mtu huyu hawajibiki. Ukifungua Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 166, unakuta kuwa mahakama ikiridhika kwamba alikitenda kitendo akiwa mwendawazimu, hutamka kuwa ana hatia lakini ni mwendawazimu. Sheria moja inamwambia hana lawama, nyingine inamwandikia hatia.

Maneno hayo yana historia yake. Mwaka 1800 James Hadfield alimfyatulia risasi Mfalme George III katika ukumbi wa michezo wa Drury Lane, London, akamkosa. Ilipobainika kuwa ni mgonjwa wa akili, sheria ilitungwa haraka ili mtu wa namna hiyo awekwe kizuizini mpaka mfalme atakaporidhia. Mwaka 1882 Roderick Maclean alimfyatulia risasi Malkia Victoria huko Windsor. Mahakama ikaamua kuwa hana hatia kwa sababu ya wazimu. Malkia hakufurahi hata kidogo, na mwaka 1883 sheria ikageuzwa: "hana hatia" ikawa "ana hatia lakini mwendawazimu". Waingereza wenyewe waliyatupa maneno hayo mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya sisi kupata uhuru. Sisi tukabaki nayo, na mahali pa mfalme tukamweka Rais. Jirani zetu wa Tanzania, katika kifungu cha 219 cha sheria yao, husema mtu alikitenda kitendo lakini, kwa sababu ya wazimu, hana hatia. Sisi bado tunaiuguza hasira ya Malkia Victoria.

Siku ya kesi

Siku ya pili ni ile ya kusimama kizimbani. Hapa swali si alikuwaje siku ya tukio. Swali ni kama leo anaelewa anashtakiwa nini, na kama anaweza kumweleza wakili wake la kujitetea. Mtu anaweza kuwa alikuwa mzima siku ya tukio akaugua rumande, na mwingine akawa kinyume chake. Ndiyo maana washtakiwa wa mauaji hupelekwa kupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka. Hiyo si hila ya wakili ya kumtoa mteja wake. Ni utaratibu wa kawaida.

Kifungu cha 162 kinaitaka mahakama ichunguze pindi inapoona dalili kuwa mshtakiwa hana akili timamu. Ikithibitika hawezi kujitetea, kesi husimamishwa. Ikiwa kosa lina dhamana, mahakama inaweza kumkabidhi kwa watu wake, kwa sharti kuwa watamtunza na kumzuia asijidhuru wala asidhuru wengine. Ikiwa halina, huwekwa mahali pa salama, na faili hupelekwa kwa Waziri ili Rais aamue. Daktari akithibitisha baadaye kuwa mgonjwa amepata nafuu, cheti humfikia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye husema kama kesi itaendelea.

Tatizo la njia hii ni kuwa haina kikomo. Mtu huyu hajapatikana na hatia yoyote. Pengine hata si yeye aliyelitenda kosa. Lakini kwa kuwa hawezi kujibu, anaweza kukaa ndani muda mrefu kuliko kifungo ambacho angepewa kama angejibu. Jahazi likikwama kwenye fungu, nahodha hujua maji yatajaa saa ngapi. Huyu amekwama na hakuna anayeweza kumtajia saa.

Na si wagonjwa wa akili peke yao. Kifungu cha 167 kinamgusa mtu ambaye si mwendawazimu lakini hawezi kufahamishwa kesi yake, kwa mfano kiziwi asiyejua lugha ya ishara. Naye, akionekana na hatia, huzuiliwa kwa ridhaa ya Rais. Kwa hivyo mtu mwenye akili zake timamu anaweza kufungwa bila tarehe kwa sababu serikali haikupata njia ya kuzungumza naye.

Siku ya kutoka

Siku ya tatu ndiyo iliyosahauliwa. Mahakama ikishatamka kuwa mtu ana hatia lakini ni mwendawazimu, kifungu cha 166 kinaagiza awekwe mahali pa salama na taarifa ipelekwe kwa Rais. Rais anaweza kuamuru awekwe hospitali ya maradhi ya akili, gerezani au penginepo. Miaka 3 ikitimu tangu amri ya Rais, msimamizi wa mahali hapo anatakiwa aandike ripoti kwa Waziri kuhusu hali ya mtu huyo, kisha ripoti nyingine kila baada ya miaka 2. Rais akisoma anaweza kuamuru aachiliwe, au asiamuru lolote.

Mlinganishe na mwingine. Mtu mwenye akili timamu aliyeua bila kukusudia akahukumiwa miaka 9 anajua tarehe yake. Akiwa na mwenendo mzuri, hupunguziwa thuluthi na kutoka baada ya miaka 6. Katika miaka hiyo 6, mgonjwa ambaye sheria yenyewe inasema hana lawama ataandikiwa ripoti mbili, ikiwa zitaandikwa kwa wakati. Pengine alishapata nafuu katika mwaka wa kwanza kwa kutumia dawa. Hilo halitajulikana mpaka mwaka wa tatu, na likijulikana litangoja meza nyingine.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu hata haki ya kutajiwa siku hana.

Mahakama zimeliona hili. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikataa mtindo wa kuwazuilia kwa ridhaa ya Rais watu waliotenda mauaji wakiwa watoto. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kisumu ilisema kifungu cha 166 kinakwenda kinyume na Katiba kwa kuichukua kazi ya mahakama na kuikabidhi serikali kuu. Mwaka 2022, katika ombi lililoletwa na watu 18 waliokuwa wamezuiliwa kwa ridhaa ya Rais, Mahakama Kuu ilifikia uamuzi wa mkondo huo huo. Msingi wake uko wazi. Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza kumnyima mtu uhuru bila sababu ya haki. Kifungu cha 25 kinasema uhuru dhidi ya mateso na ukatili, na haki ya kesi ya haki, havipunguzwi kwa hali yoyote. Na Kifungu cha 160 kinaipa mahakama uhuru wa kufanya kazi yake bila kuelekezwa na mtu.

Hata hivyo hukumu huvunja nyumba mbovu, haijengi mpya. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu hafungwi na uamuzi wa jaji mwenzake. Ndipo tukawa na njia mbili mahakamani. Majaji wengine huamuru mgonjwa apelekwe hospitali na ripoti zirudi mbele yao. Wengine, kwa nia njema ya kuondoa kifungo kisicho na mwisho, humpa mgonjwa miaka maalumu gerezani.

Njia hii ya pili inapendeza kwa haraka, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, inamwadhibu mtu ambaye sheria imesema hawajibiki. Pili, tarehe ya gereza haina uhusiano na ugonjwa. Akipona mwaka wa pili atakaa mpaka wa kumi bure. Asipopona, mwaka wa kumi lango litafunguliwa atoke bila dawa na bila daktari wa kumfuatilia, arudi mtaa ule ule alikotenda lile jambo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa hivyo hata majirani wanaotaka afungwe miaka mingi ili walale salama hawapati usalama huo. Wanauahirisha tu.

Vipimo vinavyofaa

Mahakama nyingine duniani zimeshakutana na fumbo hili, na majibu yao yanakaribiana. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Winterwerp dhidi ya Uholanzi, iliweka masharti matatu ya kumfungia mtu kwa sababu ya akili. Ugonjwa uthibitishwe na daktari kwa vipimo vya kitaalamu. Uwe wa kiwango kinachohitaji kweli kumfungia mtu. Na kuendelea kumfungia kutegemee kuendelea kwa ugonjwa huo. Sharti la tatu ndilo linalokosekana katika sheria yetu.

Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Foucha dhidi ya jimbo la Louisiana, ilisema mtu aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu hawezi kuendelea kufungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ikiwa si mgonjwa tena, hata kama kuna wanaomwogopa tabia zake. Hospitali ni ya mgonjwa. Kama serikali ina sababu nyingine ya kumzuilia, ilete sababu hiyo mahakamani.

Afrika nayo imesema. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika malalamiko ya Purohit na Moore dhidi ya Gambia, iliona kuwa sheria ya Gambia ya kuwafungia wagonjwa wa akili ilikiuka Mkataba wa Afrika. Wagonjwa hawakuwa na njia ya kweli ya kupinga kuzuiliwa kwao. Uganda nako, mwaka 2015, jaji wa Mahakama Kuu alimhusu mtu aliyekaa miaka mingi akingoja amri ya waziri, akaamua kuwa mamlaka hayo yasomwe kuwa ya mahakama.

Ukiyaweka pamoja, unapata kipimo ambacho hata baraza la wazee kijijini lingekielewa: daktari athibitishe, hatari iwe ya sasa, mahali pawe pa matibabu, jaji aangalie kila baada ya muda uliowekwa, na mgonjwa awe na wa kumsemea. Likikosekana moja kati ya hayo, hospitali imegeuka gereza lenye mashuka meupe.

Hali ilivyo Pwani

Kipimo kizuri bila mahali pa kukitekeleza ni maneno tu. Kitengo cha ulinzi mkali cha wagonjwa wanaotoka mahakamani kiko Mathari, Nairobi, hospitali iliyoanza mwaka 1910 wakati wa ukoloni. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Kwa mzazi wa Faza au Lunga Lunga, kumtembelea mwanawe mara moja ni nauli ya mwezi mzima. Mgonjwa asiyetembelewa husahaulika, na siku daktari anaposema yuko tayari kutoka, hakuna anayejitokeza kumpokea. Daktari naye huona vigumu kumruhusu mtu asiye na pa kwenda.

Hapa kwetu kuna wodi za maradhi ya akili katika hospitali ya Port Reitz, Changamwe. Katiba imezipa kaunti kazi ya kuendesha hospitali za kaunti, na serikali ya kitaifa imebaki na magereza na hospitali za rufaa za kitaifa. Mgonjwa mwenye kesi yuko kwenye mwanya kati ya hizo mbili. Kaunti itasema huyu ni mfungwa, si wangu. Idara ya Magereza itasema huyu ni mgonjwa, sina daktari wa akili. Mwaka 2020 jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa ili haki za mgonjwa na wajibu wa kaunti viandikwe wazi. Lakini mgonjwa aliyepitia kizimbani bado hutazamwa kwanza kama mhalifu, halafu, muda ukipatikana, kama mgonjwa.

Tukubali pia kuwa sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Wengi wa wagonjwa wetu hupitia kwa mganga kwanza, wengine hufungwa minyororo uani, na hospitali huwa mlango wa mwisho. Siku kosa linapotokea, familia nzima inajua kijana alikuwa mgonjwa kwa miaka 5, lakini hakuna hata karatasi moja ya daktari ya kumwonyesha jaji. Ushahidi wa mama kuwa "mwanangu alikuwa haelewi" una uzito wake. Pamoja na kadi ya kliniki una uzito mkubwa zaidi.

Na aliyedhuriwa je?

Hapa ndipo mjadala huu unapowakera wengi, na wana haki ya kukereka. Mtu amezika mwanawe. Akiambiwa muuaji ni mgonjwa na jaji atamtazama kila mwaka, anasikia kuwa muuaji anatafutiwa njia ya kutoka. Maumivu hayo si ya kubezwa.

Lakini tujiulize utaratibu wa ridhaa ya Rais unampa nini mzazi huyo. Haitwi kuhojiwa. Hajui mtu yule yuko wapi. Amri ya kumwachilia ikitoka, inatoka ofisini, bila kikao na bila yeye kupata nafasi ya kusema. Anaweza kukutana naye sokoni Kongowea bila kuambiwa. Mbele ya jaji, kinyume chake, kikao ni cha wazi. Familia ya marehemu inaweza kusikilizwa. Jaji anaweza kuweka masharti: aishi wapi, asikaribie nyumba gani, ahudhurie kliniki ipi kila mwezi, nani awe mdhamini wake, na akiacha dawa arudishwe wodini mara moja. Usalama wa jamii unalindwa zaidi na masharti yanayofuatiliwa kuliko ukuta ambao siku moja utafunguliwa kimya kimya.

Yanayowezekana sasa

Kwanza, kazi ya Bunge. Wabunge wa Pwani wasingoje wenzao wa bara kudai utaratibu kamili wa kuchukua nafasi ya vifungu vya 162, 166 na 167. Sheria iseme hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili. Amri ya kumzuilia itoke kwa jaji, itaje hospitali, na itaje tarehe ya kumrudisha mbele yake, isizidi mwaka mmoja. Kwa yule ambaye hajaweza kujibu mashtaka, uwekwe ukomo. Ikiwa madaktari wanasema hatapata nafuu ya kumwezesha kujibu, kesi isibaki ikining'inia juu yake maisha yote. Akihitaji matibabu atibiwe chini ya Sheria ya Afya ya Akili kama mgonjwa mwingine yeyote.

Pili, kazi ya kaunti. Kaunti za Pwani hazihitaji kila moja kujenga Mathari yake. Zinaweza kushirikiana kuwa na wodi moja yenye ulinzi, daktari wa akili na afisa wa ustawi wa jamii wa kuifuatilia familia kabla na baada ya mgonjwa kutoka. Kliniki za mashinani ziwe na dawa kila mwezi. Mgonjwa aliyeachiliwa kwa masharti ya kunywa dawa, akaikosa zahanati, amevunja sharti bila kosa lake.

Tatu, kazi ya familia, na hapa tunasema na msomaji moja kwa moja. Ikiwa ndugu yako amekamatwa na unajua ni mgonjwa, mwambie wakili na mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa. Kusanya kadi za hospitali, majina ya dawa, na majirani walioona hali yake. Usingoje siku ya kujitetea. Katiba, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya wakili wa kulipiwa na serikali iwapo bila wakili haki yake itapotea sana, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliweka huduma ya kitaifa ya kazi hiyo.

Ikiwa ndugu yako yuko ndani tayari na hakuna anayejua faili lake liko wapi, kuna mlango ambao wachache wanaujua. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujisemea. Kifungu hicho hicho kinasema hakuna ada ya kufungua ombi la namna hiyo, na kuwa mahakama inaweza kulipokea hata likiwa halikuandikwa kwa mtindo rasmi. Andika jina lake, namba ya kesi, mahali alipo, tarehe aliyozuiliwa, na lini mara ya mwisho daktari alimpima. Omba jambo moja tu kwa kuanzia: aletwe mbele ya jaji pamoja na ripoti mpya ya daktari.

Ombi hilo halimfungulii mtu lango siku hiyo. Huenda jaji akasikiliza na kuona kuwa bado ni mgonjwa, bado ni hatari, arudi wodini. Akirudi atarudi kwa amri yenye sababu na yenye tarehe, na mama yake atajua ni siku gani apande basi kwenda kumsikiliza tena.